Gari Ambalo Fundi Uthman Alisema Halijui

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni punguzeni moto kidogo. Mlio njiani tegeni sikio tu. Mimi ni Ngowa Nyale, na leo nimekuja na huzuni ambayo sina haja ya kuificha.

Fundi Uthman Zayd ametutoka. Ni Fundi Uthman wa Shela, hapa hapa Malindi. Alifariki Ijumaa iliyopita alfajiri, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya swala. Alikuwa na miaka themanini na mmoja.

Wengi mlimjua kwa gereji yake. Wengi zaidi mlimjua kwa picha. Unatoa picha ya zamani kwenye bahasha, ya babu au ya shangazi, amesimama kando ya gari. Nyuma hapakuandikwa kitu, na aliyejua mwaka alishakufa. Unampelekea Fundi Uthman. Anakwambia gari hilo ni aina gani na lilianza kutengenezwa mwaka gani, kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Kuna watu wamejua umri wao pale gerejini, tena watu wazima wenye mvi.

Alikuwa na mtindo wake. Alikuwa na kipande cha boksi, na kwa boksi hilo aliwafunika watu wote kwenye picha, libaki gari peke yake. Nyuso hakuzitaka kabisa. Alikuwa akisema, "Nikimtazama mtu nitaanza kumwonea huruma, na gari litanipita." Likumbukeni boksi hilo, wasikilizaji, nitalirudia.

Mimi mwenyewe nilikwenda kwake. Kwetu Kaloleni tumekua tukiambiwa kwamba babu yetu alikuwa na gari. Ushahidi ni picha: babu amekunja mikono, ameegemea gari kama waziri. Nikafika gerejini kifua mbele. Fundi akamfunika babu yangu kwa boksi, akatazama, akacheka mpaka akakohoa.

"Ngowa mwanangu, hii ni Pijo 504. Zimeanza kutengenezwa mwaka wa sitini na nane. Na hii hasa naijua, ni ya yule mpiga picha wa sokoni. Aliinunua sabini na moja, imegongwa, nikaitengeneza kwa mikono yangu hii. Hebu tazama juu ya gurudumu la kulia. Bamba hilo nililitoa kwenye gari jingine, rangi hazikulingana. Mwenyewe akaniambia, wacha, kwenye picha nani ataona? Akaiegesha mbele ya studio, kila mteja aegemee apigwe picha. Nusu ya Malindi imeegemea gari hili!"

Basi babu hakuwa na gari, alikuwa na pa kuegemea. Nyumbani hawajanisamehe hadi leo.

Sasa nije kwenye lililonileta. Bi. Nyevu Charo ni mkulima wa Matsangoni. Ana miaka sitini. Mama yake alifariki siku ile ile aliyomzaa, mwaka wa sitini na tano. Nasema tena, sitini na tano. Akalelewa na baba yake, Mzee Charo. Alipoanza shule, wenziwe wakamcheka kwamba hana mama, akarudi nyumbani analia. Akalia siku tatu. Siku ya nne baba yake alikwenda Malindi mjini, akarudi na picha. Mwanamke kijana, gauni la madoadoa, kikapu mkononi, na nyuma yake kipande cha gari.

"Mayo wako ni huyu," akamwambia. Mayo ndiye mama, kwetu sisi Wagiriama.

Tangu siku hiyo Nyevu hakulia tena. Picha ikawekwa ukutani. Kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani aliipangusa vumbi kwa ncha ya leso. Mzee Charo alifariki bila kuongeza neno.

Miaka miwili iliyopita, Linet, binti yake Nyevu, alikuwa aolewe. Akataka picha ya bibi yake ikuzwe, iwekwe ukumbini, na mwaka uandikwe chini. Nyevu akaileta kwa Fundi Uthman. Akakaa kwenye benchi, akaona wateja watatu wakihudumiwa mbele yake. Zamu yake ilipofika akasema, "Shikamoo, Fundi. Huyu ni mamangu. Na Linet wangu ni yeye mtupu, macho na kila kitu."

Zakiya, binti yake Fundi, alikuwa amesimama pale na birika la chai. Ameniambia hivi: "Baba alimfunika yule mwanamke kwa boksi. Na mimi nikachungulia, nikaliona lile bamba lenye rangi nyingine. Picha ngapi zimepita pale zenye gari lile? Hata mimi nalijua. Kisha baba akaondoa boksi. Akamtazama yule mwanamke usoni, akamtazama sana. Wallahi sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Akamrudishia picha, akasema, 'Binti yangu, gari hili silijui.'"

Wasikilizaji wapendwa, mmeshapiga hesabu. Mama amekufa sitini na tano. Gari limeletwa studio sabini na moja. Yule mwanamke hakuwa mama yake Nyevu.

Fundi hakula siku hiyo. Alimweleza Zakiya kwamba mpiga picha yule alikuwa na sanduku la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Alidhani Mzee Charo aliomba moja humo, apate cha kumnyamazishia mtoto. "Nimemdanganya mtoto wa watu," akasema. "Lakini ningemwambiaje, na yuanichekea vile?"

Neno hilo lilimkaa. Alipougua kifua mwezi uliopita, akawa analitaja. Alhamisi iliyopita akamwomba Zakiya ampigie simu Nyevu aje, amtake radhi. Nyevu akaahidi kuja asubuhi. Alipofika, wanawake walikuwa wakilia uani. Alichelewa kwa saa nne.

Zakiya akamshika mkono, akaanza kumweleza kwamba kuna jambo baba aliacha. Nyevu akamzuia.

"Nalijua, mwanangu. Tangu siku ile. Wale watatu mbele yangu hakuwatazamia watu wao, alitazama magari tu. Wangu akamtazama usoni. Nikasema moyoni, huyu mzee amepata kitu na anakificha. Nyumbani nikauliza watu, wakaniambia mwaka wa gari. Nilikuwa nataka kuja kumwambia sina neno na yeye, nikawa nasema kesho, kesho." Hapo ndipo alipolia. Miaka miwili yeye anajua, Fundi anaumia, na kutoka Matsangoni hadi Malindi si mbali.

Na Linet? Mama yake alimweleza mwenyewe, juzi. Linet akauliza, "Basi mimi nimefanana na nani?"

Kwa Zakiya na jamaa zote za Shela, poleni sana. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mungu amlaze Fundi Uthman mahali pema. Na nyinyi wenye picha kwenye bahasha, zitoeni leo. Waulizeni wakubwa wenu majina, wangali wanaweza kujibu. Na kama kuna mtu wa kumwambia yameisha, msiseme kesho.

Nilimwomba Bi. Nyevu ruhusa ya kusimulia haya. Akakubali, kwa sharti nitoe tangazo lake kama alivyolisema. Nalitoa.

Mwanamke kijana, gauni la madoadoa, kikapu mkono wa kushoto, kovu dogo juu ya nyusi. Alipigwa picha Malindi, mwaka wa sabini na moja au sabini na mbili, mbele ya Pijo ya studio. Hakurudi kuichukua. "Kama ana watoto," asema Nyevu, "waambie picha ya mama yao iko kwangu Matsangoni, na haijawahi kulala na vumbi. Waje wamtazame, nitawapikia. Lakini wasije kumchukua."