Mama Paskazia Ng'washi: Miaka Ishirini na Saba, na Vifaa Viwili Bado

Ndugu wafanyakazi wenzangu na wateja wetu wa Mwanza na visiwani, shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo? Habari za afya, na nyumbani wanaendeleaje? Sisi huku Igoma Mungu anatutunza, ila tuna majonzi kidogo. Tarehe 30 Juni Mama Paskazia Ng'washi anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba katika karakana yetu.

Alikuja kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, akaanza kwa kutengeneza mizani ya kupimia samaki. Vilipoingia vifaa vyenye chipu aliomba vitabu, akajifunza mwenyewe kuandika programu. Ving'ora vyote vya friji za chanjo tunavyouza, yeye ndiye aliyevitia akili. Ni mpole, isipokuwa kwenye ubao wa zana. Msumari wa nne ni wa mita yake ya kupimia umeme, na ole wako ukitundika kitu kingine. Mimi niliwahi kutundika kofia pale, nikaikuta nje juu ya pipa la maji.

“Nimeitoa ikapunge upepo, mdogo wangu,” alisema, na karakana nzima ikacheka.

Sasa niwaambie jambo lililonifanya niombe kuandika mimi.

Machi mwaka jana nesi Odeta, wa zahanati moja huko Ukerewe, alipiga simu. Friji ilipata joto, king'ora kikachelewa kulia, chanjo za mwezi mzima zikatupwa, na akina mama wenye watoto wachanga wakarudi nyumbani mikono mitupu. Wiki iliyotangulia king'ora hichohicho kililia vizuri. Kifaa kikilia leo na kesho kikanyamaza, fundi yeyote anawaza kiungo kilicholegea, na anayelehemu viungo ni mimi. Mkuu wetu, Bwana Nurudin, alinipa siku tatu nieleze. Nilijua kinachofuata ni kufukuzwa, nami nina miaka hamsini na mbili na elimu ya darasa la saba. Siku hizo nilipiga magoti kuliko kawaida yangu.

Mama Paskazia hakuna aliyemuuliza kitu. Alikichukua kile kifaa kilipoletwa kutoka Ukerewe, akakaa nacho siku mbili bila hata kunywa chai na sisi. Siku ya tatu, chai ya saa nne, alisimama mbele ya ubao wa zana.

“Bosi, mwache Obedi. Lehemu yake ni safi. Kosa ni langu.”

Chipu ina rejista, yaani vijisanduku vichache vya kushikia namba zinazofanyiwa kazi. Mama alikuwa ameiamuru kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yake kuwa lugha ya chipu, kwamba rejista moja ibaki ya kuhesabia dakika za joto tu. Kompaila ilitii, kwa yale iliyoyatafsiri yenyewe. Lakini alikuwa ameongeza kipande kipya cha kuandika namba kwenye kioo, kilichotafsiriwa tayari kwingine.

“Hicho ni kama fundi mgeni kutoka Kiseke,” alisema. “Hakusikia tangazo langu. Kwenye msumari wangu, ndiyo rejista, anashusha mita yangu, ndiyo hesabu, anatundika koti lake, akimaliza anairudisha mita palepale. Sina ugomvi naye. Lakini dakika ikitimia koti likiwa pale, mimi naiandika kwenye koti, naye anaondoka nalo.”

“Kumbe hata msumari wa nne nao umekusaliti, Mama!” akadakia Muhidin, stoo kipa wetu. Mama mwenyewe alicheka, huku machozi yanamlengalenga.

Ndivyo dakika zilivyokuwa zikipotea na king'ora kikachelewa. Hapa kwetu hakuna mwingine anayesoma programu zile. Angenyamaza, mimi ningeondoka, na asingejua mtu ila Mungu. Bwana Nurudin aliniomba radhi mbele ya wote.

Mama aliihamishia ile hesabu kwenye kumbukumbu ya kawaida, mahali ambapo kipande cha mgeni hakigusi, na akaiagiza kompaila iisome upya kila inapohitajika, isitegemee namba iliyoikariri. Kisha akapanda meli hadi Nansio, akamwomba radhi nesi Odeta ana kwa ana. Tangu hapo amezunguka ziwa hili akirekebisha vifaa arobaini vya toleo lile, kimoja kimoja.

Mama, asante kwa kazi, na asante kwa jina langu ulilolinusuru. Mwenyezi Mungu akupe miaka mingi yenye afya na usingizi mwororo.

Ila huo usingizi bado, kwa maana amefikia vifaa thelathini na nane. Viwili vilinunuliwa hapa dukani bila kuacha namba ya simu, na Mama anasema hatakabidhi mita yake mpaka vipatikane. Tazameni nyuma ya king'ora chenu. Kikiwa na namba 17 au 31, msikitegemee, pimeni joto la friji kwa mkono, na tafadhali tujibuni mapema.

Obedi Kashindye,
fundi wa kulehemu, Igoma