Mayai Makubwa ya Mnada: Risala ya Kikundi cha Jembe na Jogoo, Mamba

Mgeni rasmi, Daktari Careen, mkuu wa mradi uliotuazima mashine ya kutotolea vifaranga: pole kwa kona za kupandia huku. Tunakukaribisha kwa chai ya tangawizi, ingawa tumeona gari lako limekuja tupu na tunajua linataka kurudi na nini.

TULIKOANZIA

Sisi ni wakulima wa tangawizi. Kwetu mbegu nene ndiyo mbegu. Basi mlipotupa mashine, tukatafuta mayai makubwa kuliko yote, na hayo hupatikana kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada. Nani atoe yai dogo kanisani? Katika mayai tisini na sita tukapata vifaranga kumi na mmoja. Mara ya pili, tisa. Mzee Eliufoo akaja akagonga kifuniko: "Jamani, hii ni mashine au jokofu?" Tulicheka naye, kununa kusingeangua yai.

TULICHOGUNDUA

Mwenyekiti wetu, Mama Yudith, ndiye aliyeshtuka. "Mbona haya mayai yanang'aa? Nani kayaosha?"

"Mwenyekiti nawe! Mungu apelekewe yai lenye kinyesi?" akajibu mwenzetu Agatha.

Kumbe tulikuwa tunanunua mayai yaliyosuguliwa utando wake wa kuzuia vijidudu, tena yamekaa kabatini wiki mbili yakisubiri zamu ya jumuiya kutoa sadaka. Mara ya tatu tukakusanya mabandani, bila kuosha, yasiyozidi siku tano, kila moja na maelezo yake kwa penseli. Makubwa ishirini yalitoa vifaranga wanane. Madogo ishirini, kumi na mmoja. Ya wastani yalikuwa arobaini: thelathini na mmoja!

CHANGAMOTO

Ukijumlisha mizunguko yote mitatu, bado hatufiki nusu ya mayai mliyotaka yaanguliwe. Hilo ni kweli, hatulipaki rangi.

Lakini udadisi umetuingia kama upele. Kwa nini yai ambalo tukilimulika kwa tochi ya simu lina ganda la madoadoa hukauka kabla ya siku zake? Na kwa nini mayai ya mwenzetu Dorkas, yaliyochongoka kama pia, hutangulia ya wenzake nusu siku? Yeye anasema ni maombi. Hatumpingi, ila tungependa kupima.

MAOMBI

Barua yenu inasema mashine ihamishwe leo. Hatubishani na barua. Tunaomba tu uende nasi kwenye chumba cha mashine kabla hujasaini. Ndani yake mna mayai tisini na sita, yote ya wastani, na leo yametimiza siku ya ishirini kati ya ishirini na moja. Ukiweka sikio kwenye kifuniko cha mashine, utawasikia. Wameanza kulia tangu alfajiri.

Mwenyezi Mungu akushushe salama mlimani, na akupe subira ya siku moja tu.

Ni sisi wanachama kumi na wanane wa Jembe na Jogoo. Imesomwa na Bahati, katibu.