Kadi Saba za Mgonjwa Mmoja

Waliopo hapa ni mume wa marehemu dada yangu, ambaye ni fundi cherehani, binti zake wawili, mmoja mwalimu na mwingine mwanafunzi wa uuguzi, shangazi yetu, mganga mkuu wa hospitali, makarani wenzake wanne, na mimi kaka yake, niliyeombwa na familia kusoma wasifu wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akamaliza kidato cha nne mwaka 1989, akaajiriwa hospitalini tarehe 2 Januari 1991, na akafunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996. Wauguzi walimwita Mama Faili, wakimtania kwamba anajua hata jino lako la kwanza liling'oka lini, lakini cheo chake kamili kilikuwa karani wa kumbukumbu, nami naomba kiandikwe hivyo.

Mwaka 2022 alipewa kazi ya kuunganisha kumbukumbu za zahanati, kliniki ya wazazi na chumba cha majeruhi, ambako kila mahali palikuwa na kompyuta zake na namba zake. Kwa kulinganisha tarehe za kuzaliwa, makundi ya damu na picha za eksirei, aligundua kwamba wanawake saba wenye majina saba na kadi saba walikuwa mgonjwa mmoja, aliyevunjwa taya, kisha mbavu mbili, akachomwa mgongo kwa pasi, akang'olewa meno matatu, na sasa alikuwa wodini amevunjika mkono, na kila mara mumewe alimwandikisha kwa jina jipya na kusema ameanguka bafuni.

Dada yangu alimpelekea mganga mkuu karatasi zote, akamwambia, "Mzee, bafu gani hili lenye pasi? Ukimruhusu leo, kadi ya nane tutaiandikia mochwari."

Mganga mkuu alizuia ruhusa hiyo na kuwaita polisi, lakini Alhamisi, tarehe 3 Agosti 2023, mume wa mgonjwa aliwatangulia polisi, akaingia ofisini na nyundo, akazitaka karatasi, na dada yangu akazikalia. Mwanamume huyo alimpiga dada yangu kichwani mara tatu, fuvu likapasuka, damu ikatapakaa mezani, ndipo makarani wakamwangusha muuaji na kumfunga kwa waya wa kompyuta.

Mgonjwa yule yuko hai kwa mama yake mzazi, na karatasi ziko mahakamani.

Tunawashukuru madaktari wa upasuaji, wauguzi, majirani waliokesha nasi, na makarani hao wanne. Dada, pumzika, kazi yako imepokelewa.

Alifariki Jumatano, tarehe 9 Agosti 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi.