Maharage ya MaNcube

Basi la Bulawayo lilikuwa halijafika hata nusu ya njia, na Thokozile alikuwa ameshajua siri zote za wanawake wawili waliokaa mbele yake. MaSibanda alikuwa ndani ya sare ya kina mama wa kanisa, blauzi nyekundu na kofia nyeupe. MaNcube alitarajia kuvikwa yake Jumapili, ila lazima kwanza kina mama wamtume mtu kumuuliza mama mkwe wake jinsi mkwewe anavyoishi nyumbani. Hapo ndipo jasho lilipomtoka.

"Atasema nimeunguza maharage tena," alilalamika. "Mama, nilikuwa nimepiga magoti! Moyo wangu uko mbinguni."

"Moyo uko mbinguni, na bibi wa watu analala njaa?"

"Si tumeambiwa tuyawaze ya huko juu?"

"Yawaze huku unakoroga, binti yangu. Mimi jikoni ndipo ninapoongea na Mungu vizuri kuliko mahali pote."

"Na macho unafumba?"

"Nifumbe, na wanangu walivyo wezi wa nyama?"

Thokozile alijifanya anakohoa, maana kicheko cha mdukizi hakina heshima.

"Lakini kupiga magoti ndiko kuomba," MaNcube alishikilia. Basi likapunguza mwendo. "Nashuka hapa. Uniombee, mama, sijui wamemtuma nani kwa mama mkwe."

MaSibanda alisimama, akanyoosha kofia. "Wamenituma mimi."

MaNcube akampokea mkoba upesi. "Basi utakula kwangu kwanza!"

"Nitakula. Ila upike mimi nikikuona."