Daktari wa Ndimi Zilizoteleza

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, wa kumfuata, familia imenituma nisome, na nitasoma kama nilivyoandika, hata pale wakubwa waliponiambia niruke.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba, fundi cherehani, akasoma shule ya mtaani kwetu, kisha sekondari ya bweni, akaingia chuo cha udaktari mwaka 1971 na kubobea katika magonjwa ya akili, hata mama akawa anaulizwa sokoni kama mwanawe ameshapona.

Mwaka 1980 alimuoa shemeji yetu huyu, muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili, waliomwita Bwana Ulimi, kwa kuwa aliamini kwamba ulimi ukiteleza umetoboa siri ambayo hata mwenyewe haijui, na ukisahau mwavuli kwake alikuambia moyo wako haukutaka kuondoka, basi tukawa tunaaga huku tumeukumbatia.

Kuanzia 1989 polisi walimwita kuwasikiliza watuhumiwa, aeleze mtu wa namna gani angetenda kosa lile, na wengi walikamatwa, nasi tukatembea kifua mbele.

Juni 2003 aliletewa mhudumu wa wodi, aliyeshukiwa kumuua jirani yake, mama mmoja mgonjwa, na yule kijana akaeleza kwamba jioni ile alimkuta ana homa, akamshika mkono hadi kitandani, akasema, "Nilimlaza mwenyewe, nikazima taa." Kaka aliiambia mahakama kwamba akili iliyojificha imekiri, kwamba kumlaza huko ni kule kwa moja kwa moja, yaani kumuua, na kijana akafungwa maisha, ilhali neno hilo kaka alikuwa nalo mdomoni kutwa wodini, huyu mlazeni, yule nimemlaza jana.

Mwaka 2016 mama yetu aliugua, kaka akampeleka chumbani, akatoka akaniambia, "Nimemlaza," kisha akakaa chini sakafuni, daktari mzima, akasema, "Yule kijana alikuwa ananieleza kazi yake tu." Sijapata kumwona mtu akilia vile.

Tangu hapo hakuwa na jingine, aligonga milango ya mahakama, wenzake wakasema uzee umemwingia, hadi mwaka huu rufaa ilipokubaliwa kusikilizwa, kwa sharti kwamba aje mwenyewe na kukana ushahidi wake kwa mdomo wake. Mwezi Februari kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na ulimi. Tulimpeleka mahakamani kwa kiti cha magurudumu, akafungua mdomo, yakatoka mate, na shauri likafutwa. Alifariki tarehe 2 Mei, mkewe akiwa pembeni yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliomshusha ngazi kila siku ya kliniki bila kununa, na wafanyakazi wenzake, mliofika leo kwa wingi kuliko alipowahitaji. Tunamshukuru pia mama yake yule mhudumu, aliyekaa pale karibu na mlango, mama, tulikutengea kiti cha mbele ukakataa, nasi tunaelewa, mwanao bado yuko ndani, na aliyeweza kumtoa ndiye huyu tunayemzika.

Kaka, nilikupenda sana. Pumzika kwa amani, ukiweza.