Bonasi Alivyolamba Sufuria ya Ojwang

Kijiwe chetu cha Kapsoit ni ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili, kando ya duka la dawa za mifugo, na kahawa yake hupikwa na Athumani Ojwang, Mwislamu wa Kendu Bay ambaye tangawizi yake huamsha hata aliyelala na mawazo. Kila Ijumaa adhuhuri Ojwang huvaa kanzu, huenda msikitini, na jiko lake huachiwa Wakristo wa kijiwe walilinde. Ni desturi ya miaka minane. Mlinzi mkuu ni Gekara, karani wa mizani kwenye kituo cha majani chai, ambaye kwa kazi hiyo watu wamemwita Kilo mpaka jina likamganda. Ijumaa hii Kilo alikuwa ameinamisha kichwa. Mbwa wake, Bonasi, aliyenunuliwa mwaka ambao chai ililipa vizuri, alikuwa ameingiza pua na ulimi wote ndani ya sufuria ya maziwa ya Ojwang, akailamba mpaka ikang'aa.

Maziwa hayakumuuma Kilo. Kilichomuuma ni kwamba Ojwang alimwonya tangu Pasaka: mbwa mpende, lakini mwache nyumbani, maana akilamba chombo, dini yangu inataka kioshwe mara saba, moja yake kwa udongo. Kilo akaitikia, "Nimesikia, mzee." Leo akaja naye. Na watu wakitoka msikitini hupitia hapa kunywa kahawa ya maziwa ya sufuria hiyohiyo. Wao wanamwamini Ojwang, na Ojwang anamwamini Kilo. Alimfunga Bonasi kwenye mlingoti wa stima, akavuta mtungi wa maji, akakunja mikono ya shati.

— Tuanze na ya udongo, alisema, akichota konzi ya udongo mwekundu kando ya barabara.

— Ngoja! Hiyo imekanyagwa na mbuzi ya dunia mzima.

Huyo ni Kiptum, mwenye duka la dawa, tunayemwita Daktari ingawa hajasomea hata kuchanja kuku.

— Udongo ni udongo, Kilo akasema.

— Hapana! Udongo ya hapa imekunywa mbolea ya chai tangu wakati ya mzungu. Ungetaka udongo safi ungeenda kwetu Sigor. Kule hata mtoto akikula udongo ananona.

— Sigor ni mbali na msikiti unatoka saa saba na nusu, akasema Jerusa, muuza mitumba. Yeye ni Wakili, kwa sababu aliwahi kushinda kesi ya mpaka bila wakili, na tangu siku hiyo hajanyamaza. — Sugua, Kilo. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.

Udongo ukapakwa, ukasuguliwa, ukasuuzwa. Mara hiyo ya kwanza ikapita salama.

— Sasa ningekuletea ile dawa ya kuosha matiti ya ng'ombe, Daktari akasema. Kifuniko moja tu, uchafu yote inaanguka.

— Mzee Ojwang hakusema dawa. Alisema maji.

— Ni vile hajaona dawa yangu. Na nyumbani sisi kibuyu ya maziwa tunasugua na mkaa. Umewahi sikia mtu amekufa?

— Kwani huko kwenu mbwa hulamba kibuyu? Wakili akauliza.

— Mbwa yetu iko na adabu.

Kilo aliinamisha kichwa zaidi, akamwaga maji tena.

— Lakini kwa nini saba? Daktari akaendelea. Si tano, si kumi.

— Hata Biblia iko na saba, Wakili akajibu. Naamani aliingia Yordani mara saba ndio ukoma ikatoka. Yeriko nayo, kuta zilizungukwa siku saba. Mungu hesabu yake ni moja.

— Naamani alilambwa na mbwa?

— Mkubwa wa jeshi mzima, mbwa atakosa wapi?

— Mimi najua ni ulimi. Ulimi ya mbwa iko na ngozi saba. Kila maji inatoa ngozi moja.

— Umezihesabu?

— Mimi ni daktari, Jerusa.

Wakili akatazama maji yaliyokuwa yakitiririka chini ya ubao, na uso wake ukaingiwa na wazo.

— Na hii maji tunamwaga, si imebeba uchafu? Basi hapa chini pia paoshwe saba. Na hiyo ya kuosha hapa ikiteremka mpaka kwa shamba ya chai?

— Chai yote ioshwe saba! Daktari akadakia.

— Ndiyo! Sasa mnaona kwa nini huku kunanyesha kila siku? Mbwa ni wengi. Mungu hajamaliza kuosha.

Kilo alicheka bila kutaka, na akajisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Bonasi anyooshe ulimi. Wakati huohuo wingu la mchana likaachilia matone manene, dakika mbili tu, likapita zake. Sufuria ilikuwa wazi juu ya jiwe, ikapata maji ya kina cha kidole. Kilo akayazungusha, akamwaga.

— Hiyo pia andika, Daktari akasema.

— Hiyo si ya kuandika, Wakili akaruka. Kuosha ni mtu aamue. Mvua haikuamua kitu.

— Mvua ni ya Mungu! Unakataa Mungu akituoshea?

— Nauliza tu, alikuwa anaosha sufuria ama alikuwa anapita?

— Haba na haba hujaza kibaba!

— Hiyo ni ya kibaba. Hii ni sufuria.

Mabishano yakapamba moto. Kilo akawa anasuuza na kumwaga, anasuuza na kumwaga, sikio moja kwa Daktari na jingine kwa Wakili. Hapo akafika Nelvine, mchuma chai aliyehamia wiki hiyo kutoka Nyamira, aproni yake ya plastiki bado ikichuruzika maji.

— Habari zenu wazee. Mama, hujambo. Naweza pata kahawa ya maziwa?

— Ngoja kidogo, msichana wangu, Wakili akasema. Mbwa alilamba sufuria. Inaoshwa mara saba.

— Pole. Sasa mmefika ya ngapi?

Wawili wakajibu kwa pamoja.

— Saba, Daktari akasema.

— Tano, Wakili akasema.

Kilo, mtu anayeandika kilo za wachumaji mia kila asubuhi na hajawahi kukosea hata nusu, alifungua mdomo akakuta hana namba. Akatazama juu barabarani. Kanzu ya Ojwang ilikuwa inateremka, na wazee wanne nyuma yake.

— Sema saba, Daktari akamnong'oneza. Si inang'aa? Nani atajua?

Kweli, hakuna ambaye angejua. Kilo aliweka sufuria chini, akaenda kumlaki katikati ya njia.

— Mzee, mbwa yangu amelamba sufuria yako. Ulinikataza, nikamleta. Tumeosha, lakini sijui mara ngapi. Hawa wanasema saba, wengine tano. Mimi sijui. Nimekosa.

Ojwang alichungulia kijiweni, akaiona sufuria.

— Ya udongo mliweka?

— Niliweka. Hiyo nina uhakika nayo.

— Nyingine?

— Hapana.

— Sisi tukiwa na shaka, tunashika yenye tuna uhakika nayo. Basi tuko na hiyo moja.

Akavua kofia, akampa Wakili amshikie. Akakunja mikono ya kanzu, akachuchumaa mbele ya sufuria. Wazee wa msikitini walijipanga kwenye ubao, wakamsogezea Nelvine nafasi, kama watu wasio na haraka na dunia.

— Mzee, Kilo akasema, na Ijumaa ijayo?

— Omera, ndugu yangu, Ijumaa ijayo nani mwingine atanilindia? Daktari? Mwaga maji.

Kilo akamwaga.

— Mbili! kijiwe kizima kikahesabu.