Ndama Aliyezaliwa Baada ya Mazishi

Wenzangu, mnaosalimiana kwa habari na mnaosalimiana kwa salaam aleikum, asanteni kwa kunipisha mbele. Mimi ni mtu wa mlimani, sina maneno mengi na hasira yangu iko karibu, lakini kikundi hiki cha waliofiwa kimeniomba nieleze nilivyoanguka na nilivyosimama tena. Sitataja mtu jina. Hata la marehemu wangu sitalitaja.

Binti yangu alikuwa na kibanda hapa mjini, karibu na soko, akiuza mashine za michezo za mkononi. Si mpya. Zile kuukuu, nene, zinazokula betri mbili za tochi. Mimi fundi wa kuchonga mawe nilimcheka, nikamwambia hakuna mtu wa akili atakayenunua kitu kilichopitwa na wakati. Akanijibu kwamba wateja wake wengi wanatoka Kulamawe, wanashinda na mifugo juani, na zile skrini mpya za kung'aa juani hazionyeshi kitu. Betri ya tochi iko kila duka, umeme je? Na mchezo uliouzika kuliko yote ni ule wa mifugo. Unalea ng'ombe ndani ya mashine, anazaa, na baada ya miaka kadhaa unatoka mchezo mwingine wa ukoo uleule, unamhamisha ng'ombe wako kwa waya, anaendelea na maisha. Nilisikia kwa sikio moja tu.

Akaugua siku nne. Siku ya tano tulikuwa tunachimba kaburi.

Nikasema kibanda chake hakifungwi, ndicho kilichobaki cha mkono wake. Lakini, ndugu zangu, nawaambia, mtu mwenye uchungu akiwa na kiburi pia ni hatari. Nikaleta mashine mpya, nyembamba, zenye michezo elfu ndani. Mwanzoni zilienda. Kisha zikaanza kurudi: kioo kimepasuka, chaji imeisha, juani unaona uso wako tu. Na ile michezo elfu, hakuna aliyemaliza hata mmoja. Ukizima umezima, hakuna kinachokungoja kesho.

Zile kuukuu nazo nikataka zifanane na mpya. Ndani ya kila kadi ya mchezo nilikuta mifugo ya mtu. Nikafuta. Nilikaa mchana kutwa nikifuta, jinsi unavyosafisha nyumba kabla mpangaji mwingine hajaingia. Ya mwisho ilikuwa mashine ya binti yangu mwenyewe, yenye kundi kubwa. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Sijui ni uchovu, sijui ni hasira kwamba yeye hayupo na ng'ombe wake wapo.

Kutoka siku hiyo watu walikuja mpaka mlangoni, hawanunui. Wanauliza kama ng'ombe wa binti yangu wako wazima. Nikisema nimefuta, wanaondoka bila kuaga. Kisha nikaanza kusikia wimbo mdogo wa ule mchezo, wa ng'ombe wakirudi nyumbani. Saa saba mchana, jua limesimama, soko limenyamaza, na wimbo unatoka kwenye droo. Nikafungua, mashine yake imezimwa. Nikatoa betri, nikaweka mfukoni. Kesho yake saa saba, wimbo. Nikasema ni kichwa changu, kichwa cha mtu asiyelala. Lakini jirani yangu fundi wa nguo, mzee mpole sana, akaja akaniomba nimwambie msichana apunguze sauti kidogo. Mzee alikuwa amesafiri, hakuwa amesikia habari za msiba. Nikaketi chini.

Nikaacha kufungua. Nikaacha hata kuoga, nawaambia ukweli. Nililala mchana nikiogopa saa saba ifike. Na bado woga haukuwa ndio mzigo. Mzigo ulikuwa kwamba nimemfuta mwanangu kwa kidole changu, na hakuna wa kuniambia vinginevyo. Ndugu mmoja, kwa nia njema, akanishauri kwamba mashine ile ina pepo, niichome. Nikakubali. Nikaenda nyuma ya kibanda, nikaiweka kwenye karai, nikaizungushia mafuta ya taa. Kiberiti kilikuwa mkononi.

Hapo akatokea mama mmoja mzee, Mborana wa Kulamawe, vumbi mpaka magotini, amefunga mashine kuukuu ndani ya leso. Sikuwahi kumwona. Hakuniuliza nafanya nini. Alichutama, akaitoa mashine kwenye karai, akaipangusa kwa leso yake.

"Ng'ombe ya msichana yako iko kwangu," akasema. "Imezaa. Nimeleta ndama."

Nikamwambia binti yangu amekufa. Akasema anajua. Nikamwambia nimefuta kila kitu. Akasema hilo pia amesikia, ndiyo maana amekuja haraka.

Akanieleza taratibu. Kwao kuna desturi inayoitwa dabare. Nakuazima ng'ombe, unakunywa maziwa, lakini ng'ombe ni wangu na ndama ni wangu. Ukame ukimaliza boma langu, wale walio kwa watu ndio wanaoniinua. Binti yangu alikuwa amelielewa hilo. Kila aliyenunua mashine kwake aliazimwa kwa waya ng'ombe mmoja wa kundi lake. Ndiyo maana walirudi mwaka baada ya mwaka kutafuta kadi inayofuata, wakanunulia na wadogo zao: walikuwa wanatunza mali ya mtu. Mimi nilidhani wanapenda bei.

Nikarudisha betri. Tukaunganisha waya. Skrini ilikaa tupu kwa muda mrefu, kisha ndama akatokea, amesimama peke yake, ananitazama. Mchezo huo unaandika chini ya kila mnyama jina la mwenyewe na siku aliyozaliwa. Mwenyewe: binti yangu, herufi kwa herufi. Kuzaliwa: wiki sita baada ya kumzika. Nywele zilinisimama. Nikamuuliza yule mama inawezekanaje mtu aliye kaburini apate mali mpya.

"Kwani kwenu mtu akikufa," akasema, "ng'ombe yake inaacha kuzaa?"

Nililia, jamani. Mchana kweupe, mikono inanuka mafuta ya taa.

Yeye ndiye aliyewaambia wengine. Wakaja, wa Kulamawe, wa Rapsu, hata wa Leparua, kila mmoja na waya wake na ndama wa binti yangu. Leo kibanda kiko wazi, kinauza zile kuukuu, na sifuti kadi ya mtu. Kuhusu ule wimbo, msiniulize. Siku hizi naacha betri ndani, ili angalau uwe na sababu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule mama, na fundi wa nguo aliyekuja kuketi nami kila saa saba bila swali. Hata ndugu wa kuchoma namshukuru, alitaka kunisaidia. Somo langu ni hili: kitu hakidumu kwa upya wake. Kinadumu kwa sababu mtu mahali fulani ameshika kipande chake.

Na wewe mama uliyeketi karibu na mlango, uliyemzika kijana wako juzi. Tukimaliza maombi nipitie. Nimebeba mashine mbili na waya. Kuna ndama wa binti yangu nataka akae kwako. Sikupi, nakuazima. Kwa hivyo itabidi urudi.